Mguu Mmoja Chini

Niliisikia kabla sijavua viatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama yangu mdogo, mtaa wa Hail, mkono mmoja umeshika kopo la halua na mwingine unahangaika na kifungo cha kiatu, na huko ndani, mahali fulani kati ya jiko na sebule, kengele ikalia. Mlio mwembamba, mkavu, wa kitu kidogo cha shaba. Ikalia tena, safari hii kwa hasira kidogo. Halafu ikaja sauti ya mume wake: "Haya basi Salha, nimesikia. Zima jiko uje." Nikajua kwamba wamegombana na kwamba wameshapatana, na yote hayo kabla sijamtia mtu machoni.

Nikabaki pale na kiatu kimoja mguuni. Kengele ile naijua. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa na miaka saba, na nilidhani ni mbuzi.

Ghubra, mtaa wetu wa Maskati, wakati ule ilikuwa nusu mji, nusu uwanja mtupu. Baina ya nyumba na nyumba palikuwa na mchanga, na katika mchanga huo walipita mbuzi wa majirani, wakila maboksi na majani ya miti ya watu kwa utulivu wa wenye mali. Mkubwa wao alivaa kengele. Kwa hiyo jioni moja niliposikia kengele nyuma ya ukuta wetu, upande wa nyumba iliyokuwa imekaa tupu muda mrefu, nilichukua kipande cha mkate, nikapanda juu ya pipa la maji, nikachungulia.

Hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na mwanamke mrefu, mweupe kama unga wa ngano, nywele zake nyekundu kupita hina yoyote niliyowahi kuiona, amesimama uani na kengele mkononi akimwita paka. Paka akatoka chini ya gari. Yule mwanamke akainua uso, akaniona na mkate wangu.

"Hujambo, mtoto," akasema, kwa Kiswahili. "Huo mkate ni wa nani?"

"Wa mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

Nilifikiri kidogo, maana nilifundishwa kusema kweli. "Wewe," nikamwambia.

Hivyo ndivyo Bi Nora alivyoingia katika maisha yetu. Alikuwa mkunga, ametoka kijiji kimoja cha magharibi ya Ayalandi, na kabla ya kuletwa Maskati alikuwa amezalisha wanawake miaka mingi katika hospitali ya misheni huko bara, kusini ya Tanzania. Ndiko alikokipata Kiswahili chake, Kiswahili cha bara, kilichonyooka na kutulia, ambacho Bibi yangu, mtu wa Unguja mjini, alikisikiliza kama mtu anayeangalia jirani akila wali kwa uma. Lakini alikisikiliza. Bibi alikuwa na visa vya maisha yake vyote, na sisi tulikuwa tumeshavisikia. Nora hakuwahi kusikia hata kimoja.

Siku ya kwanza alipokuja kwetu, Bibi alimwekea kahawa, akamkazia macho kichwani, kisha akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Hina hii umeinunua wapi?"

"Sijapaka hina, mama. Nimezaliwa nayo."

"Hutaki kusema," alisema Bibi kwa upole, akamjazia kikombe. "Basi."

Nyumbani tulikuwa Bibi, mama na baba, mimi, na Mamdogo. Mamdogo ndiye Salha, mdogo wake mama. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja, kitanda changu kikiwa kimesukumwa mpaka kikagusana na chake, na kila asubuhi alinisuka nywele huku akinisimulia alichokiota, ndoto ndefu zenye maduka na ngazi, ambazo sasa nashuku alizitunga papo hapo ili nitulie. Nilidhani mpango huo ni wa milele. Kisha Nassor wa Hail akaleta wazee wake, kahawa ikanywewa, na nyumba nzima ikaanza kusema neno moja tu: harusi.

Nora alilipokea neno hilo kwa furaha kuliko sisi sote. Ilikuwa kana kwamba miaka yote ile alikuwa akizunguka dunia na mzigo wa sheria za harusi za kijijini kwao, akitafuta mtu wa kumtua. Sasa amempata Bibi. Walikaa kwenye mkeka chini ya feni, mwanamke mmoja mwenye buibui na mwingine mwenye soksi, wakazungumza kama mafundi wawili wa kazi moja waliosomea miji tofauti.

"Kwetu bibi harusi haimbi siku yake," Nora alisema. "Akiimba, atalia maisha yote."

"Kwetu huimbiwa. Aimbe mwenyewe, kwani hana watu?" Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnajua kitu nyinyi."

"Na mtu wa kwanza kumpa hongera lazima awe mwanamume. Akitangulia mwanamke, ni mkosi."

"Hilo mmekosea. Mwanamume hongera anazijulia wapi?"

Lakini Nora aliposema kwamba kwao bwana na bibi harusi hulishwa vijiko vitatu vya nafaka, ile ile tunayotia kwenye supu ya Ramadhani, iliyotiwa chumvi ili kuwakinga na jicho baya, Bibi aliupiga mkeka kofi.

"Chumvi! Nshasema mie, chumvi ina kazi zake. Nyumba hii hawanisikii." Akamgeukia mama. "Unamsikia mwenzio? Katoka huko kwenye theluji, naye anajua."

Tangu siku hiyo Nora akawa mtu wa ndani. Hakupiga hodi tena. Alikohoa tu mlangoni.

Mimi nilikuwepo siku zote, nimelala kifudifudi nyuma ya mto, nachora. Watu wazima hudhani mtoto anayechora hasikii. Na nilikuwepo alasiri ile mama na Mamdogo waliporudi kutoka mtaa wa Hamriya, wametoka jasho, wamebeba mfuko wa fundi. Mama akaikung'uta nguo katikati ya chumba. Ilikuwa ya kijani, kijani kibichi cha jani la mpunga, na nyuzi za dhahabu shingoni na mikononi, na shela yake pana ya rangi hiyo hiyo. Mamdogo akajitupia shela kichwani, akazunguka mara moja.

Nora aliteremsha kikombe.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya siku ya hina," alisema mama. "Siku ya hina bibi harusi anavaa kijani. Lazima."

"Kijani?"

"Chanikiwiti," alisema Bibi, ili kulisahihisha jambo. "Rangi ya kheri."

Nora aliiangalia ile nguo kama mtu anayeangalia nyoka aliyelala. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka, nami niliacha kuchora.

"Mama, kwetu bibi harusi havai kijani hata akiwa hana nguo nyingine. Ni rangi yao."

"Yao nani?"

"Wale." Akatupa jicho dirishani. "Hatuwataji. Ukiwataja wanajua unawaongelea."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Sisi pia tuna wetu tusiowataja. "Na wanakaa wapi hao?"

"Chini ya vilima. Wanapenda ngoma na wanapenda wasichana wazuri. Wakimwona bibi harusi amevaa kijani, wanasema: huyu ni wetu. Hapo wanamsubiri. Akicheza, akiruka, miguu yote miwili ikiachana na ardhi kwa pamoja, hata kwa sekunde moja, wanamchukua. Ndiyo maana kwetu bibi harusi anacheza hivi." Akasimama na soksi zake, akacheza kidogo, mikono imenyooka ubavuni, mguu mmoja ukinyanyuka na mwingine umeganda sakafuni. "Mguu mmoja chini. Siku zote mmoja chini."

"Na wakishamchukua?" mama aliuliza, tayari anacheka.

"Anabaki huko. Pengine wanarudisha mtu anayefanana naye. Anakula, anazungumza, lakini si yeye."

Mamdogo akacheka mpaka shela ikamtoka. Bibi akanyoosha mkono kuchukua tende, akaitoa kokwa taratibu.

"Hao wa kwenu, Nora," akasema. "Nani kawatolea viza?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Nora mwenyewe akacheka mpaka akawa mwekundu shingoni. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu viza haikuwa jambo la mzaha. Binamu wa mama kutoka Unguja alikuwa akisubiri viza ya kuja kwenye harusi, na kila jioni baba alipiga simu kuulizia, akakata akiwa na sura mbaya. Siku hiyo aliporudi kutoka kazini nilimfuata mpaka kwenye sinki alikonawa mikono.

"Baba, mtu anaweza kuingia Omani bila ya viza?"

"Haiwezekani."

"Hata akiwa haonekani?"

"Lazima awe na kafili wa kumdhamini," alisema baba, aliyekuwa anafikiria mambo yake. "Hata awe nani."

Hilo lilinituliza usiku mmoja. Asubuhi nikakumbuka kwamba Nora anaye kafili, hospitali yake, na kwamba alikuja na masanduku mengi, na kwamba moja katika hayo, la mbao, limekaa ukumbini kwake halijafunguliwa mpaka leo. Nilipata kumuuliza lina nini. Alinijibu: "Vitu vya nyumbani." Nikatoka nje, nikatazama. Mtu wa Maskati haioni milima ya mji wake, kama vile mtu haoni pua yake. Asubuhi ile niliiona. Nyuma ya nyumba, nyuma ya shule, kila upande, milima mitupu ya rangi ya mkate ulioungua, kila mmoja mkubwa wa kutosha kukaa watu chini yake na kupiga ngoma. Milima yote hiyo, na mimi nina Mamdogo mmoja tu.

Nilianza na nguo. Nilimwambia mama kijani kinamfanya Mamdogo aonekane kama tango. Mama akaniambia nikanawe uso. Nilimwambia Bibi kwamba bibi harusi wa kwenye televisheni alivaa pinki. Bibi akasema yule ameshaachwa, ila mimi sikuangalia mpaka mwisho. Mamdogo mwenyewe alinivuta, akanikalisha mapajani.

"Zuwena, una nini na nguo yangu?"

Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kwamba ukiwataja wanajua. Nikaufunga.

"Haipendezi," nikasema, na machozi yakanitoka, kwa sababu ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusema.

Kutoka siku hiyo nilihamia miguuni. Mchana baada ya chakula nyumba nzima ililala, na nilipokuwa na hakika kwamba Mamdogo anakoroma, nilichukua kanga, nikaufunga mguu wake mmoja kwenye mguu wa kitanda, ili walau huo ubaki. Kitanda chake kilikuwa cha mbao nzito. Walipoadhini alasiri aliruka kwenda kutia udhu, akaanguka kifudifudi, akavuta na kitanda na meza ya kioo na chupa ya marashi. Bibi akaja na chetezo, akafukiza chumba kizima. "Jicho," alisema. "Kuna mtu kamtilia jicho mwanangu." Akaagiza chumvi. Nora akaileta.

Kisha siku mbili kabla ya hina akaja Bi Mize. Huyu alikuwa somo yake Mamdogo, yaani mwanamke aliyemfunza na atakayemsimamia mpaka aingie kwake. Mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono ya kunyanyulia magunia. Walikaa na Bibi kupanga mambo, na mimi nyuma ya mto.

"Akishatiwa hina ya miguu," alisema Bibi, "hakanyagi. Kwetu hakuna bibi harusi aliyekanyaga ardhi na hina mbichi. Utambeba mgongoni, Mize, kutoka ukumbini mpaka chumbani kwake. Mimi nilibebwa, mama yangu kabebwa."

"Nimbebe huyu? Huyu karatasi," alisema Bi Mize. "Nnawabeba wawili mie."

Penseli iliniponyoka. Nguo ya kijani, ngoma, na miguu yote miwili juu. Hata kama watu wangekaa kikao kumwandalia Mamdogo apotee, wasingepanga vizuri zaidi. Nilikimbia nje, nikapanda pipa. Nora alikuwa anaanika shuka.

"Bi Nora! Na kama hakuruka, kama amebebwa tu?"

"Nani?"

"Mtu wa kijani."

"Akibebwa miguu iko juu yote, sivyo?" alisema, vibanio vya nguo mdomoni, akiwa mbali kabisa na hofu yangu. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Hakuna dawa?"

Akafikiri. "Kengele. Hawapendi kengele hata kidogo. Ndiyo maana kwetu kengele zinapigwa siku ya harusi."

Nilirudi ndani mbio nikiwa na wokovu mkononi, nikamwomba Bibi aruhusu kengele siku ya hina. Bibi hata hakusimamisha uzi aliokuwa anautunga sindanoni. Alisema kengele ndani mwake haiingii, kwa sababu nyumba yenye kengele malaika hawaikaribii, na siku ile anawataka malaika wote, asibaki mmoja. Niliwaza malaika wakisukumana mlangoni, na wale wengine wakishuka milimani, na Mamdogo katikati, mgongoni kwa Bi Mize, hana hata kidole kilichogusa chini.

Ikabaki njia moja.

Siku ya hina wanawake walijaa tangu baada ya Magharibi. Ukumbi ulinuka udi, asumini na sambusa. Kanda za tarabu zililia, kina mama wa Unguja wakajibizana na kina mama wa Maskati nani anapiga vigelegele vizuri zaidi, na katikati, juu ya godoro lililofunikwa kitambaa, Mamdogo amekaa ndani ya kijani chake, shela imemshukia mpaka magotini, miguu miwili mbele yake imejaa maua mabichi ya hina. Alikuwa mzuri hata nikamwelewa yeyote ambaye angetaka kumwiba. Nora alikuja na gauni la buluu na zawadi ya kitambaa kilichokunjwa. Alipomwona bibi harusi akatia mkono mfukoni, na nikaona punje za chumvi zikimponyoka vidoleni.

"Haya tena," alisema Bi Mize, akajifunga kanga kiunoni, akachuchumaa mbele ya godoro, mgongo wake mpana kama mlango. "Panda, mwanangu."

Vigelegele vikapanda juu, kila mtu akasimama. Na mimi nikatambaa chini ya shela, katika giza la kijani lenye harufu ya hina na karafuu, nikaupata mguu wa kushoto, nikaukumbatia kwa mikono miwili, nikalilaza shavu langu juu yake, nikakaza.

Bi Mize alinyanyuka. Alifika katikati, akakwama.

"Mmh," nilimsikia akisema. "Huyu mmemlisha nini?"

"Sukuma, Mize! Ulisema unabeba wawili!" akapiga kelele mmoja, na wanawake wakacheka.

Akajaribu tena. Sasa mguu ukapanda nami nikapanda nao, nikaburutwa juu ya godoro, kisha juu ya zulia, nimeng'ang'ania kama kupe. "Kuna kitu kimenishika," alisema Mamdogo kwa sauti ndogo, na sauti ile ilinithibitishia kila kitu, nikakaza zaidi. Bi Mize akayumba kushoto. Sinia la sambusa likapinduka na mtu aliyelishika. Kisha shela ikavutwa juu na mwanga wa taa zote za ukumbi ukaniangukia, nimelala kifudifudi, nusu ya uso wangu imetapakaa hina.

Tarabu iliendelea peke yake. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono kunitoa.

"Zuwena. Achia."

"Siachii."

"Achia mguu wa mamako mdogo."

"Mguu mmoja ukae chini!" nililia. "Watamchukua. Wale wa Bi Nora watamchukua wampeleke kilimani, watuletee mwingine anayefanana naye, na mimi simtaki huyo mwingine."

Vichwa vyote vikamgeukia Nora, ambaye rangi ya uso wake ilikuwa imelingana na nywele zake.

"Wale wepi?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Si kitu," alisema Nora. "Ni mambo ya kwetu. Ya kizamani." Akapiga magoti karibu yangu. "Zuwena, mtoto wangu, nilikuwa nasimulia tu."

"Unayaamini au huyaamini?" nikamuuliza.

Angeweza kusema hayaamini, na nadhani ndicho kila mtu alichokitarajia. Lakini mfuko wake ulikuwa bado na chumvi. Akaufunika kwa kiganja, na wanawake wakaanza kucheka na kusukumana, mmoja akasema mzungu kaleta majini kwa ndege, mwenzake akauliza walilipiwa mizigo au walikaa vitini. Nilianza kulia kwa sauti. Hapo Bibi akapiga makofi mara moja, na kicheko kikakatika.

"Kengele iko wapi?" akamuuliza Nora.

"Nyumbani."

"Kaichukue. Utaipiga nje, mlangoni. Ndani mwangu haiingii. Malaika wako ndani na sisi, hao wa kwenu wako nje nawe, kila mtu na wake." Akaniinamia. "Mie siwajui hao watu wala siwaamini. Lakini siku ya harusi sitaki ugomvi na mtu ambaye simuoni. Ikilia kengele, utaachia?"

Nilitikisa kichwa kukubali, hina ikanidondokea shingoni.

Kwa hiyo Nora alisimama nje ya mlango wetu wa mbele, na gauni lake la buluu, akapiga kengele kama anayeitisha wanafunzi wote wa duniani. Ndani nikaachia kidole kimoja baada ya kimoja. Bi Mize akanyanyuka, Mamdogo akaelea juu ya vichwa, kijani chote, miguu yote miwili hewani, na hakuna mlima uliofunguka. Mtoto wa jirani tu ndiye aliyekuja kuuliza kama mbuzi wao ameingia kwetu.

Baadaye, hina ilipokauka, Mamdogo aliniita kitandani kwake. Aliuangalia mguu wake wa kushoto, ambao pale palipokuwa na ua palikuwa na doa la umbo la shavu. Akaliangalia shavu langu.

"Umeniibia ua langu," akasema. "Zuwena, mimi nakwenda Hail."

"Hail kuna vilima?"

"Hakuna. Ni mchanga mtupu na bahari."

"Atakayerudi atakuwa wewe?"

Hakucheka. Nilikuwa nimezoea watu kucheka, na kwa hilo nampenda mpaka leo. "Nitarudi Ijumaa," akasema. "Utaniangalia miguu. Ukiona doa hili, ni mimi."

Siku ya pili yake ilikuwa ya kumtoa. Alivaa nyeupe, na Nora akaja na ile zawadi aliyokuwa nayo tangu siku ya hina na ambayo fujo zangu zilimsahaulisha kuitoa: kitambaa cha kitani kilichotariziwa, na alipokifungua tuliona kwamba usiku ameongeza kitu ndani yake. Kengele.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," alisema. "Kwetu bibi harusi hupewa kengele aiweke nyumbani. Mkigombana, na hakuna anayeweza kusema samahani, mmoja anaipiga tu. Akiisikia mwenzake, ugomvi umekwisha. Hakuna kuulizana nani alianza."

"Na wewe je?" alisema Mamdogo. "Hii ni yako, Bi Nora."

"Mimi sikupata mtu wa kugombana naye. Nilikuwa nampigia paka." Akaikunja mikono ya Mamdogo juu yake. "Paka anakuja hata nikimwita kwa mdomo."

Sote tukamtazama Bibi, kwa sababu ya malaika. Bibi akajishughulisha na ukosi wa Mamdogo, akautengeneza pasipokuwa na haja. "Huko ni kwake," akasema mwishoni. "Atapatana nao mwenyewe."

Gari lilikuwa nje limepambwa maua, Nassor anasubiri na kilemba kipya, wanawake wamejipanga kutoka ukumbini hadi mlangoni. Mamdogo alitembea katikati yao bila ya kunitazama, na nilidhani ameshanisahau. Kisha, alipofika kizingitini, akasimama. Akashika gauni lake kwa mikono miwili akalinyanyua mpaka vifundoni, mbele ya watu wote, na doa langu likaonekana. Akatoa mguu wa kulia, akaukandamiza chini. Akaangalia kama umetulia. Ndipo akanyanyua wa kushoto. Akaenda hivyo hivyo, mikono imejaa gauni, shingo imenyooka, hatua moja nzito baada ya nyingine kama mtu anayepima udongo, ngazi zote na uwanja wote mpaka garini, na mguu mmoja haukuondoka mpaka mwenzake uwe umeshafika.

"Huyu kiatu kinambana nini?" alinong'ona mmoja.

"Mwacheni," alisema Nora, akanishika bega.

Mkononi mwa Mamdogo kengele ilikuwa inalia kidogo kwa kila hatua, ingawa aliifunika. Niliisikia mpaka alipoingia garini. Halafu Bibi, aliyekuwa hajadondosha chozi siku zote zile, alinipitia mbele haraka, akaupata mlango wa chumba chake, akaufunga nyuma yake.